Mbuzi Aliyezaa Benki

Siku ile ya mbuzi tuliokuwepo ni hawa: Mutuku, ndugu yangu anayenifuata, aliyekuwa mwenyekiti wa kila kitu alichokigusa, Kioko, anayemfuata Mutuku, aliyekuwa katibu, Muthama, kitinda mimba wetu, aliyekuja na spika ya muziki kubwa kuliko mbuzi mwenyewe, Mama Ndanu, mjane wa Kitui niliyefanya naye kazi katika nyumba ya kutunza wazee, Ndanu, bintiye wa pekee, aliyekuwa bado shule ya sekondari, Papa Zefirini, Mkongomani wa Bukavu, msimamizi wa moto, Bi. Loretta, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi ambaye nilikuwa nikimtunzia mama yake nyumbani kwao Shaw, mtaa wa Washington. Wanachama wengine wa mfuko wetu wa mazishi, karibu wote wanawake, ambao wataniwia radhi nisipowataja mmoja mmoja kwa kuwa walifanya jambo moja tu na walilifanya pamoja, walikula. Na mimi, Mwende, niliyepika.

Nawaandika hapa kwa sababu mwezi uliopita tulifanya ibada ya kumkumbuka Mutuku katika ukumbi wa kukodi huko Lanham, Maryland, na nikasikia watu wakiapa kwamba siku ile walikuwepo. "Mimi nilishika mguu wa yule mbuzi," alisema mwanamume mmoja mwenye suti ya buluu, ambaye mwaka ule alikuwa hajatua Marekani. Benki ikishasimama, kila mtu alikuwepo ilipozaliwa. Ukutani walikuwa wakionyesha picha za matawi yake huko kaskazini mwa Kenya, milango ya kijani, askari wenye bunduki, wateja waliovalishwa fulana za kampuni. Mchungaji alimwita marehemu "Yusufu wetu, aliyejenga ghala jangwani," na watu wakapiga makofi vinywa vikiwa vimejaa sambusa. Nilikuwa nimeketi mbele, mahali pa dada mkubwa. Sikumchukia ndugu yangu, maana nilimlea na nilimlilia. Kilichonipanda kooni ni kile kinachompata mtu anapofunua sufuria aliyoisahau juu ya jiko wiki nzima.

Mambo ya wazazi wetu nayapita. Walikufa, nikaacha shule, wadogo zangu wakasoma. Ninaoutaka ni mwaka ule mmoja, nilipokuwa sijafika arobaini na bado nikijiita kijana, tukikaa wanne katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya barabara kuu ya Lanham. Wao watatu walikuwa na vyumba, mimi nililala kwenye kochi la sebuleni kwa kuwa zamu zangu hazikuwa na mpango. Kwa hiyo nilisikia yote. Sebule ilinuka soksi, mafuta ya kukaangia na marashi ya Muthama. Niliwapikia ugali na sukuma wiki, na kuku siku za mshahara, na Mutuku alikula kwa mkono mmoja huku kidole cha mkono wa pili kikichovya mchuzi na kuchora ramani juu ya meza. Hapa Isiolo. Hapa barabara ya lami. Hapa mpaka wa Ethiopia. Asubuhi nilichukua kitambaa nikapangusa kaskazini yote ya Kenya, imegandiwa na mafuta.

"Benki kubwa zinaogopa vumbi," alikuwa akisema. "Ukipita Isiolo, mtu anauza ng'ombe, pesa anaweka chini ya godoro. Lami imefika. Simu imefika. Benki bado. Anayefika mpakani kwanza ndiye anaandika sheria."

"Na huku je?" Kioko alimuuliza, si kwa kutojua, bali kwa sababu alipenda kulisikia jibu.

"Huku pia ni mpaka, bwana. Nenda benki ya pale kona na karatasi zako za uhamiaji za miezi sita, uombe mkopo wa gari. Watakupa peremende ya kaunta wakuambie siku njema."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana watu walimsikiliza. Tayari walikuwa na ofisi yao, chumba kati ya duka la kucha na duka la simu, ambako walituma pesa nyumbani, waliuza tikiti za ndege, waliwajazia watu fomu za kodi na kuwakopesha hela ndogo ndogo. Ubao wa nje uliandikwa "Ndugu Watatu". Tulikuwa wanne. Nilipouliza, Muthama alinieleza kwa upole kabisa kwamba ubao ulikuwa mfupi.

Mfuko wa mazishi ulikuwa kitu kingine, na ulikuwa mikononi mwangu. Sisi watu wa Ukambani hatumwachi mtu wetu ardhi ya ugenini. Aliyekufa asiporudishwa ni kama mtu ambaye bado yuko njiani, na walio nyumbani hawawezi kufunga mlango. Kwa hiyo kila mwezi, baada ya ibada, wanawake wa kanisani walinipa sehemu ya mishahara yao ya kuogesha wazee na kukunja mashuka, ili siku yake ikifika, mtu apande ndege hata kama hana ndugu. Walinipa mimi. Walijua kwamba niliacha shule mapema, na kwa sababu hiyo hiyo waliniamini, maana waliosoma walikuwa wameshawalia pesa zao mara mbili.

"Pesa zimelala, Dada," Kioko aliniambia siku moja akiwa anachokonoa meno. "Zinangoja watu wafe."

"Ndiyo kazi yake."

"Na wasipokufa?"

"Tutamshukuru Mungu."

Muthama alicheka mpaka akamwaga chai. "Sistee, benki ya Mungu hiyo haina tawi!"

Wakaamua kumchinja mbuzi. Lazima nieleze hapa, kwa kuwa vijana wetu waliozaliwa Maryland hawajui. Kwetu mapatano makubwa hayamalizwi kwa sahihi. Huchinjwa mbuzi, neno likasemwa mbele ya watu, na anayekula amekubali. Asiyekubali hukaa kando na maji yake, na hakuna anayemsumbua. Ni desturi ya heshima. Ilitungwa na watu waliojuana, ambao mmoja wao akidanganya angekutana na mwenzake kisimani kesho yake.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, shambani kwa mzee mmoja nje kidogo ya Upper Marlboro aliyetuuzia mbuzi na kuturuhusu tumchinje nyuma ya banda. Nakumbuka nzi. Nakumbuka harufu ya manyoya yaliyoungua, utumbo ndani ya ndoo ya plastiki iliyokuwa ya rangi ya kuta, na Muthama akipiga picha kichwa cha mbuzi kilichovalishwa miwani ya jua. Bi. Loretta alikaa chini ya kofia yake pana akila mboga tu, kwani alikuwa hajagusa nyama tangu usichana wake. Alikisoma Kiswahili chuoni, enzi ambazo vijana wenzake walijipa majina ya Kiafrika, na akakitunza kama watu wanavyotunza sahani za wageni.

"Samahani, Dada Mwende. Je, mkataba huu hauandikwi?"

"Utaandikwa, Bi. Loretta. Lakini kwanza unaliwa."

"Unaliwa!" Akautazama uma wake. "Basi mimi na mboga zangu tuko salama."

Mutuku alisimama akasema neno lake. Mfuko wa mazishi ungekuwa mtaji wa benki ya kwanza kule kaskazini. Kila mwanachama angekuwa na hisa. Anayekubali, ale. Nami nikasimama nikiwa na mwiko mkononi nikasema langu, fupi: pesa za maiti hazifanyi biashara. Akaniinamia kichwa. "Dada amesema. Ni haki yake." Wanawake walibaki na sahani zao mapajani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nyama ikaanza kupoa, na mafuta yakaganda meupe pembeni mwa sinia, na nilimwona Mutuku akinitazama bila kupepesa, jinsi alivyokuwa akinitazama utotoni nikigawa chakula.

Ndipo Papa Zefirini, asiyejua desturi zetu wala kuwa na hila yoyote, akaniita kutoka kwenye moto. "Mama Mwende, kuya onja hii supu. Mi najua moto, chumvi sijue."

Mpishi haulizwi mara mbili. Nilichota, nikadondoshea kiganjani, nikalamba.

"Haya!" Mutuku alipiga makofi. "Mwiitu wa mwaitu ameonja! Binti ya mama yangu ameonja, mbele yenu wote! Nani amebaki?"

Nilitema. Nilitema pale pale chini mbele ya kila mtu, nao wakacheka zaidi, wakidhani supu ilikuwa ya moto. Nikasema kwa sauti kwamba sikula, nilikuwa nikiangalia chumvi, lakini Muthama alikuwa ameshafungulia muziki. Mikono ikaingia sinia kutoka pande zote. Mama Ndanu alichukua ubavu, akaninyooshea kipande huku akicheka, mdomo unang'aa mafuta. "Kula, Mwende, acha kununa. Mimi sina mpango wa kufa, nina msichana wa kusomesha." Sikukipokea. Wiki iliyofuata nilikataa kutia sahihi, lakini sahihi mbili zilitosha kati ya tatu za akaunti, na hizo mbili zilikuwa za ndugu zangu, mwenyekiti na katibu.

Mama Ndanu alikufa kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka. Mshipa ulipasuka kichwani akiwa kazini, tukikunja shuka moja, yeye upande wake na mimi wangu. Upande wake ukashuka. Hospitali ilimtoa, na nyumba ya mazishi ikampokea kwenye chumba cha barafu ambamo kila siku ina bei yake. Alitaka kulala Kitui kando ya mumewe. Hilo hakuna kati yetu asiyelijua. Alilisema kila mara alipotoa mchango wake.

Nilirudi nyumbani nikawapata ndugu zangu mezani. Niliwaambia nataka pesa za ndege.

"Pesa ziko kwenye ukuta, Dada," alisema Mutuku. "Ziko kwenye sefu, kwenye bati. Utang'oa ukuta uupeleke uwanja wa ndege? Tumzike hapa. Makaburi ya hapa ni mazuri, nyasi zinakatwa."

"Ama achomwe," akasema Kioko. "Majivu yanaingia kwa mkoba. Hata tikiti hayahitaji."

Muthama alianza kucheka, kisha akaacha. Ndanu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, nilikokuwa nimempeleka akajipakulie chakula. Mtoto yule alielewa kila neno la Kiswahili na maisha yake yote alikuwa akitujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alitujibu kwa lugha ya mama yake.

"Msimchome mama yangu," alisema.

Mutuku akavuta sufuria karibu akajiongezea mchuzi. Sina la kuongeza juu ya hilo. Alijiongezea mchuzi.

Siku zilizofuata niligonga milango. Wanawake walilia nami, wakanipa walichokuwa nacho, ambacho kilikuwa kidogo kwa sababu kikubwa walikuwa wamekwisha kukitoa. Nilikwenda mpaka mahakama ya Upper Marlboro, nikapanga foleni ya kupekuliwa, nikafika karibu na mashine, nikageuka. Ningemwambia hakimu nini? Kwamba nililamba kiganja? Kisha mchana mmoja, nikitoka kazini kwa kina Bi. Loretta, niliwaona ndugu zangu kupitia kioo cha mkahawa mmoja wa pale U Street. Walikuwa wakiwalisha wageni wawili waliotaka kuweka pesa kwenye tawi la pili. Niliingia nikasimama nyuma yao. Meza ilikuwa imejaa maganda ya kamba, na Mutuku alikuwa akifyonza vichwa vyao kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani.

"Mtaji wenu wa kwanza mlitoa wapi?" mgeni mmoja aliuliza.

"Ulikuwa umewekwa kwa ajili ya maiti," alisema Mutuku. "Nikawaambia watu wetu, maiti halipi riba."

Wakacheka wote. Kioko ndiye aliyeniona kwanza, akamgusa.

"Dada! Karibu, keti. Agiza chochote."

"Nipe pesa za Mama Ndanu."

Alipangusa mdomo taratibu, akautazama ule mchuzi mwekundu kwenye leso. "Lakini wewe ndiye uliyeonja kwanza, mwiitu wa mwaitu. Ungekaa kando na maji yako, nani angekula?"

Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote hii, na bado sijui kama aliiamini. Nadhani aliiamini. Mtu aweza kujijengea imani kama anavyojenga ofisi, tofali kwa tofali, na akishaezeka anahamia ndani.

Kesho yake, nikimwogesha mama wa Bi. Loretta, niliyaacha maji yapoe mpaka bibi kizee akalalamika. Bi. Loretta alininyang'anya sponji, akamaliza mwenyewe, akanikalisha jikoni. Nikamweleza.

"Nimeweka akiba ya mazishi yangu," alisema. "Ya mama ilishalipwa zamani. Mimi sina haraka ya kufa."

"Siwezi kuzichukua, Bi. Loretta."

"Nani amekwambia nakupa? Nakukopesha. Utanilipa kutoka kwenye mshahara wako, kidogo kidogo, kwenye meza hii. Riba sitaki. Wala sitaki usikie njaa kwa ajili yangu, kwa hiyo nitapanga mimi kiasi cha kila mwezi, si wewe."

Mama Ndanu alipanda ndege, na bintiye akaenda naye. Mimi nilibaki nikifanya kazi. Ndanu alinitumia picha ya udongo mwekundu na wanaume wa Kitui walioegemea majembe yao, kisha akarudi akakaa nami, kwa sababu nilikuwa nimeshahama kwa ndugu zangu nikiwa na sanduku moja na sufuria zangu. Kusomesha kwake, na miezi ya ugonjwa ule uliofunga nyumba za watu na kutunyima kazi, na kile kiasi kidogo alichopanga mkopeshaji mwenyewe, ndivyo vilivyolivuta deni mpaka leo.

Ningependa kuandika kwamba benki ilianguka. Haikuanguka. Ikawa na tawi la pili, la tano, wafugaji wakaweka pesa zao, barabara ikasonga mbele na benki ikasonga nayo. Wanawake waliokula walipata faida. Mmoja amejenga ghorofa Machakos, na sikuzote ananiambia Mutuku aliona mbali. Mfuko wa mazishi ulirudishwa, ukapewa jina la kampuni. Mutuku mwenyewe alipofariki alirudi Ukambani ndani ya sanduku lenye vishikio vya shaba. Kila mwaka Kioko huniletea gawio la hisa zilizo kwa jina langu, nami humrudishia, maana kulipokea ni kukubali kwamba nilikula. Wananiita mkaidi. Bi. Loretta naye husema hivyo. "Wewe ni mkaidi, Dada Mwende, na ukaidi wako unakula kwangu."

Mle ukumbini mwezi uliopita, baada ya picha za ukutani, Kioko alichukua kipaza sauti. Alisema dada yao amebeba mzigo mmoja kwa muda mrefu, na kwamba kwa heshima ya marehemu, benki ingemlipa Bi. Loretta salio lote leo hii, pamoja na riba. Muthama, mwenye mvi sasa, alikuja na bahasha mkononi. Watu walisimama kushangilia. Ndanu, ambaye siku hizi ni muuguzi, alinishika kiwiko.

Nilisimama. "Hili deni si la kuuzwa," nilisema. "Nyinyi kazi yenu ni kununua madeni ya watu. Hili la kumrudisha Mama Ndanu kwake hamtalinunua."

"Dada, tafadhali," alisema Kioko, tabasamu likiwa limemgandia usoni. "Tusiharibu siku. Tumuulize mwenyewe. Bi. Loretta, si pesa ni pesa?"

Alichukua muda kuinuka kwa fimbo yake. "Kijana," alisema, kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi, "mimi sikula mbuzi wenu. Wala sikuikopesha benki yenu. Nilimkopesha huyu. Na kauli hiyo yako ndiyo iliyomlaza rafiki yake kwenye barafu." Akaketi. Muthama alibaki katikati ya ukumbi na bahasha yake, hajui aipeleke wapi, mpaka mchungaji akaanzisha wimbo.

Nilimrudisha Bi. Loretta nyumbani kwake Shaw kwa gari langu. Tulipoegesha ndipo akauliza:

"Nimesema vizuri pale, sivyo?"

"Vizuri sana."

"Mwanamke wa umri wangu hapaswi kusema vizuri hivyo akiwa na njia ya kulipwa." Alikuwa akihangaika na mkanda wa kiti, nikamfungulia. Mikono yake imekuwa myepesi kama ya mama yake siku zile. "Nikifa kabla hujamaliza, Dada Mwende, nitazikwa na nini?"

"Nitakuzika mimi."

"Una nini wewe?"

"Nina zamu."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu sawa lakini si swali lililoulizwa. Tukaingia ndani, nikatoa ya mwezi ule nikaiweka juu ya meza, naye akaihesabu yote hadi noti ya mwisho, akaikunja.

"Bado," alisema.

"Bado, Bi. Loretta."

Jumatatu iliyofuata nilimwomba msimamizi wetu wa kazini anipangie zamu na Jumapili. Amekubali. Nikienda hivi, bila kuugua na bila gari kuharibika, sasa ni mbio kati yangu na moyo wa Bi. Loretta, na salio bado ni kubwa.